Ruhusa ya Kutoka

Somo lilikuwa la methali, na methali ya siku hiyo ilikuwa "dalili ya mvua ni mawingu". Nilikuwa nimeiandika ubaoni na kuanza kueleza, kama nilivyoelezwa mimi nilipokuwa mwanafunzi kule Busia, kwamba jambo kubwa haliji bila kutanguliwa na ishara, ndipo msichana mmoja wa darasa la tano aliponyosha mkono na kuniambia kwa upole kwamba methali ile haifai huku kwao. "Mwalimu, huku mawingu yapo kila siku." Wenzake walicheka, nami nikacheka, kisha nikageuka kutazama dirishani. Alisema kweli. Shule yetu imekaa ubavuni mwa Mlima Elgon, juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, na katika miezi ya mvua zinapita wiki nzima kilele kisionekane. Mtoto wa huku akifundishwa kuogopa mawingu, ama hatapata siku ya kupumua, ama ataacha kuogopa kabisa, na hili la pili ndilo linalotokea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mtaalamu wa udongo wala wa hali ya hewa, na sikuajiriwa kufundisha habari za majanga. Lakini Kiswahili, ingawa Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, bado hakimo miongoni mwa masomo manne ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo vipindi vyangu ndivyo pekee ambavyo hakuna anayevihesabu. Mwenzangu wa hisabati hawezi kutumia dakika 40 kuzungumza na watoto juu ya kijito kinachopita nyuma ya jiko la shule. Mimi naweza, na huu ni mwaka wa tatu nikifanya hivyo.

Wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa Machi 1, 2010, siku ambayo mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, ukafunika nyumba pamoja na kituo cha afya, na kuchukua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 300, wengi wao wasipatikane hata miili yao. Hata hivyo hawana haja ya kusimuliwa na mimi, maana karibu kila nyumba ina ndugu au shemeji aliyepotelea huko. Habari za Oktoba 2018, mto ulipoteremsha mawe makubwa kule Bukalasi na kuua watu zaidi ya 40, wamezipata kwa kaka na dada zao. Mafuriko ya Mbale ya Julai 2022 na maporomoko ya Bulambuli ya Novemba 2024 wanayakumbuka wenyewe. Nasema haya ili ieleweke kwamba tatizo letu halikuwa watoto kutojua kwamba mlima unaua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kialimu hasa: niliwapa fasili. Niliandika ubaoni maana ya maafa, maana ya tahadhari na maana ya uokoaji, wakanakili kwa mwandiko mzuri, wakakariri, nikawapa zoezi, wakapata alama ambazo ningeweza kumwonyesha mkaguzi yeyote bila haya. Siku mbili baadaye ngurumo ilipiga wakati wa michezo, na wale wale walioandika "tusijikinge mvua chini ya mti" nikawakuta wote wamejibanza chini ya mparachichi ulio pembeni mwa uwanja, wakiniita nami nikajikinge.

Ndipo nilipomwomba mwalimu mkuu tufanye zoezi la kukimbia kwa vitendo, naye akakubali kwa sharti kwamba lisizidi nusu saa. Tulipanga iwe Ijumaa baada ya mapumziko. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkalitusi, na tulikubaliana kwamba ikigongwa mfululizo bila kupumzika, kila darasa litoke na kupanda hadi kwenye kigongo kilicho upande wa kanisa, ambako ardhi ni ya mwamba na haijawahi kuteleza katika kumbukumbu ya mtu yeyote tuliyemuuliza. Nikaigonga hadi mkono ukauma. Darasa la kwanza walitoka kama siafu waliomwagiwa maji. Darasa la sita walitoka wakitembea, kwa kuwa wao ni wakubwa na wakubwa hawakimbii. Baadhi ya darasa la pili walitoka vizuri, kisha wakarudi ndani kuchukua viatu.

Darasa la nne halikutoka kabisa. Nilipokwenda kuchungulia niliwakuta wameketi kimya kuliko nilivyowahi kuwaona, mikono juu ya madawati. Mwalimu wao alikuwa ameitwa ofisini dakika chache kabla, na alipokuwa akitoka alikuwa amesema maneno ambayo kila mwalimu wa nchi hii, nami nikiwemo, ameshayasema mara elfu: asimkute mtu nje. Mbele yao alisimama kiranja wa darasa na karatasi mkononi, akiandika majina ya wapiga kelele. Karatasi ile niliichukua na ninayo hadi leo. Ina majina matatu, ya watoto watatu walioinuka waliposikia kengele na kwenda dirishani kutazama kuna nini.

Huko juu kwenye kigongo mambo hayakuwa bora zaidi, kwa sababu tulipotaka kuhesabu watoto tuligundua kwamba rejista zote za mahudhurio zimefungiwa ofisini na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini. Hilo lilirekebishwa wiki ile ile. Sasa kila mwalimu anatembea na rejista yake, na kila mtoto mkubwa ana mdogo wake anayemshika mkono na kumjua kwa jina. Lakini suala la darasa la nne halikuwa la kurekebishwa kwa ufunguo.

Nililifikiria sana. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ambayo mtoto wa Uganda hujifunza kuitamka yote bila kukwama ni ile ya kuomba ruhusa ya kutoka nje. Anaisema kabla hajajua kuhesabu hadi 20. Shule inamfundisha kwa miaka saba kwamba mlango wa darasa hufunguliwa kwa idhini ya mtu mzima, na inamfundisha vizuri kuliko inavyomfundisha jambo jingine lolote. Kisha tunamtegemea mtoto huyo huyo, siku mlima utakapotikisika na mwalimu hayupo, atambue peke yake kwamba leo kanuni imebadilika. Kiranja wangu hakuwa mjinga. Alikuwa mwanafunzi bora kabisa, na ubora wake ndio ungewazika wenzake.

Yapo mambo yaliyotokea Japani Machi 11, 2011 ambayo nimewasimulia walimu wenzangu mara nyingi kiasi kwamba sasa nikianza tu wananimalizia. Bahari ilipofurika baada ya tetemeko kubwa, katika Shule ya Msingi ya Okawa, mjini Ishinomaki, watoto walikuwa wametolewa madarasani na kupangwa uwanjani kwa utaratibu mzuri, wakakaa hapo karibu dakika 50 huku watu wazima wakijadiliana waelekee wapi, ilhali nyuma ya shule palikuwa na kilima. Walikufa wanafunzi 74 na walimu 10. Siku hiyo hiyo, kwenye mji wa Kamaishi ulio kaskazini yake, wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya chini walianza kukimbia kuelekea juu mara tu ardhi ilipotulia; wale wa shule ya msingi jirani, ambao tayari walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu, walipowaona wakubwa wanakimbia wakashuka na kuwafuata, na wakubwa wakawashika wadogo mikono. Watoto karibu 3,000 wa mji ule waliokuwa shuleni walinusurika. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka kadhaa na profesa mmoja, Toshitaka Katada, ambaye miongoni mwa mambo aliyowasisitizia ni kutoamini kupita kiasi ramani za hatari zilizochorwa na wataalamu, na kuwa wa kwanza kukimbia ili wengine wapate wa kumfuata.

Hoja niliyoipeleka kwenye mkutano wa walimu ilikuwa fupi: tuwape watoto ruhusa ya kudumu. Mtoto yeyote, wa darasa lolote, akiona mojawapo ya dalili tulizokubaliana, aende moja kwa moja kwenye rimu aigonge, asimtafute mwalimu kwanza, na asiadhibiwe hata ikibainika kwamba amekosea. Mwalimu mmoja wa siku nyingi, mama ambaye amenifunza mengi kuhusu kazi hii, alinipinga bila kuficha. "Mwalimu, ukimfundisha mtoto kutoka bila ruhusa, utamrudisha kwa ruhusa gani?" Sikuwa na jibu zuri, na nakiri kwamba hata leo sina. Tulichofanya ni kuzibana dalili ziwe chache na ziwe za kuonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, ili asiwepo mtoto wa kusema alitoka kwa sababu alihisi vibaya.

Kuzipata dalili zenyewe kulichukua muhula mzima, na hapa ndipo kazi iliponogea. Niliwatuma watoto kwa wazee wao na swali moja: kabla ardhi haijashuka, uliona nini, ulisikia nini? Wazee wa Bagisu, kabila la huku, hawana shida na tarehe, maana kila kundi la vijana wanaotahiriwa katika imbalu, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili, hupewa jina la jambo lililotukia mwaka ule, na mzee akikutajia jina la rika lake amekutajia pia njaa, vita au mafuriko ya wakati huo. Majibu yaliyorudi yalifanana kiasi cha kunishangaza. Ufa mpya kwenye shamba la kahawa, wenye umbo la mwezi mchanga. Mti au nguzo iliyokuwa wima jana na leo imeinama. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama kwenye fremu. Chemchemi kufumuka pasipokuwa na maji, au ile ya siku zote kukauka. Mto kubadilika ghafla ukawa na rangi ya matope kuliko kawaida yake. Mvumo kama wa lori linalopanda mlima, na barabarani hakuna lori.

Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, alikataa kumpa mtoto jibu la kuandikwa, akaja shuleni mwenyewe na fimbo yake na kukaa kwenye kiti changu. Alisema dalili anayoiogopa kuliko zote ni mto kunyamaza. Mvua inanyesha, alisema, inanyesha tangu asubuhi, kisha unasikia mto unapungua sauti. Watoto walitazamana kwa kuwa haikuwaingia akilini. Akamwomba mmoja aifuate mitaro ya maji ya mvua pale uwanjani na kuiziba kwa udongo, kisha akatuonyesha kwa fimbo: maji ya chini yakakauka, ya juu yakajikusanya, na baada ya dakika chache kijiboma kile kikapasuka na kufagia kila kitu hadi kwenye ua wa mwalimu mkuu. Mto ulionyamaza wakati wa mvua, umezibwa mahali huko juu. Sijawahi kufundisha kipindi kilichoeleweka kama hicho, na sikukifundisha mimi.

Baada ya hapo kueleza chanzo kulikuwa kazi nyepesi. Udongo wa huku ni mzito, wenye mfinyanzi mwingi, umelala juu ya mwamba kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo maji hupenya, udongo hulemewa na uzito wake, na mshiko wake hulegea. Mizizi mirefu ya miti iliyokuwa ikiushikilia imeondoka, migomba na maharage hayana mizizi ya kufika huko, na kila tunapochimba ubavu wa kilima ili kupata kiwanja cha nyumba tunaukata mguu wa kile kinachosimama juu yetu. Watoto wanaelewa mara moja. Linalowapa shida ni mwelekeo wa kukimbia, kwa kuwa miguu yao yenyewe inataka kuteremka, na maporomoko pia yanateremka, tena kwa kasi kuliko wao. Tunakimbia kwa kukata pembeni, kuelekea kwenye kigongo, mbali na bonde na mkondo wa mto. Tumelifanyia zoezi hilo mara nyingi sana hata mbuzi wa jirani wamelizoea.

Radi ilipofika zamu yake, iliniharibia hesabu zote. Hapo kanuni inageuka: mtoto asitoke. Tena mfano wake ninaotumia unaumiza. Baada ya Nametsi, baadhi ya familia zilihamishiwa wilaya ya Kiryandongo, mbali na miteremko, na katika wilaya hiyo hiyo, Juni 28, 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya ikaua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja. Matukio haya mawili hayana uhusiano, nami huwaambia hivyo, ila nataka wajue kwamba ukihama hatari moja huenda ukakuta nyingine inakungoja yenye tabia tofauti, na macho uliyozoea kuelekeza ardhini inabidi uyainue.

Wazazi walikuwa na jibu lao tayari. Sweta ya shule yetu ni nyekundu, na watu wengi wa huku wanaamini kwamba nguo nyekundu huita radi, kwa hiyo mawingu yakinguruma watoto huvua sweta na kubaki wakitetemeka kwa baridi. Ilinibidi niseme mbele ya mkutano wa wazazi, kwa heshima yote, kwamba radi haichagui rangi. Inatafuta njia ya kufika ardhini, na ikishafika husambaa kwenye udongo, ndiyo maana anayesimama chini ya mti huumia hata kama mti ndio uliopigwa. Jambo jingine nililolisema, na hili nalirudia kila mara, ni kwamba aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa, na anapaswa kuguswa upesi, maana wapo ambao moyo umesimama na wakikandamizwa kifua mapema huamka.

Kinachonikera ni kwamba sina mahali salama kabisa pa kuwapeleka. Shule iliyowekewa kinga-radi, yaani fimbo juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoshuka ukutani na vyuma vilivyozikwa ardhini, ina la kusema. Runyanya yenyewe iliwekewa baadaye. Sisi hatuna, na tulipoulizia gharama, mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, si kwa mzaha, ni nani atakayelala akilinda shaba ile. Kwa sasa tunafanya tunachoweza. Ngurumo ya kwanza inamaliza mchezo hata kama ni fainali. Watoto huhesabu sekunde kati ya mmweko na sauti, kila sekunde 3 ni takriban kilometa 1, na chini ya 30 tunakuwa tayari tumeingia. Ndani wanakaa mbali na kuta, madirisha na nyaya, miguu imebanwa pamoja, na hakuna anayetoka hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hesabu hii ya sekunde, nimeona, inawatuliza kuliko maneno yoyote ya faraja, kwa sababu mtoto anayehesabu hana nafasi ya kulia.

Kuhusu lugha nilikuwa na kiburi kidogo, nikitaka amri zote ziwe za Kiswahili. Mazoezi mawili yalitosha kunishusha. Madarasa ya chini hufundishwa kwa Lumasaba, Kiingereza kinaanza kushika hatamu darasa la nne, na Kiswahili changu wanakutana nacho kwa nadra. Mtoto akishtuka husikia lugha ya mama yake tu. Amri sasa ni za Lumasaba. Kiswahili tumekiachia maelezo ya baadaye, tukishakuwa kigongoni na kila jina limeitikiwa.

Katika muhula wa kwanza wa ile ruhusa ya kudumu, rimu iligongwa na watoto mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa mvumo wa lori, na safari hii kweli lilikuwa lori, likimwaga mawe ya ujenzi huko chini. Mara ya pili kijito kilichafuka, tukapanda kigongoni na madaftari juu ya vichwa, na baadaye ikajulikana kwamba jirani alikuwa akinywesha ng'ombe. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba shule imekuwa mchezo wa kupanda na kushuka. Mara ya tatu bonde liliteleza kweli, kipande kidogo tu upande wa pili wa kijito, kikang'oa migomba kadhaa na kuziba njia ambayo watoto wapatao 30 huitumia kurudi nyumbani. Hakuna aliyeumia, wala pengine asingeumia hata kama tungebaki madarasani. Aliyegonga alikuwa mmoja wa yale majina matatu ya kwenye karatasi.

Mzazi yule hajarudi kulalamika. Mwalimu wangu wa siku nyingi bado ana wasiwasi wake, ila ndiye aliyegundua kasoro ambayo sote hatukuiona: rimu imening'inizwa juu mno, na wa darasa la kwanza hawaifikii. Jumatatu iliyopita tuliishusha kwa waya mpya hadi usawa wa kiuno changu, na kile chuma cha kugongea tukakifunga kamba pembeni yake. Mtoto mfupi kuliko wote shuleni aliitwa kujaribu. Aliigonga mara moja, kwa nguvu kuliko tulivyotarajia, kisha akaficha mikono nyuma na kugeuka kutazama ni mwalimu gani ataanza kumgombeza.